BIBI HANA DHARAU, HAONI SURA YAKO



Asubuhi unapita njiani hapa Nyegezi. Unamkuta bibi wa jirani amekaa nje ya nyumba yake. Unamwamkia: "Shikamoo, bibi." Anaitikia: "Marahaba, mwanangu." Lakini hakuangalii usoni. Anaangalia kando ya sikio lako, kama vile kuna mtu mwingine nyuma yako.

Kesho yake mnakutana sokoni. Umebeba mzigo, huna nafasi ya kusimama. Unamtabasamia tu. Bibi anakupita kama hakujui.

Unafika nyumbani umekasirika. Unasema: "Bibi yule siku hizi ana dharau." Mwenzako anajibu: "Hata mimi alinipita juzi." Wa tatu anapunguza sauti: "Anajifanya haoni. Mbona kuku akisogelea mtama alioanika, anamwona na kumfukuza?"

Huo ni mfano tu, lakini mambo yake ni ya kweli. Mtu mzima anaweza kumwona kuku anayepita kando, asiione sura ya mtu aliye mbele yake. Anaweza kutembea njiani bila kujikwaa, asiweze kusoma hata herufi moja. Si dharau, wala si kujifanya. Ni ugonjwa wa macho unaowapata watu wenye umri mkubwa. Madaktari wanauita ugonjwa wa makula.

Tuujue ugonjwa huu. Wazee wetu wanauhitaji msaada wetu. Nasi, tukijaliwa kuishi, tutakuwa wazee.

MAKULA NI NINI?

Wengi wetu tumewahi kuona sinema ya kijijini. Gari linakuja, watu wanatundika kitambaa cheupe, mashine inatupa mwanga, na picha inaonekana kwenye kitambaa.

Jicho linafanya kazi karibu namna hiyo. Mwanga unaingia kwa mbele, kupitia tundu jeusi tunaloliita mboni. Unapita katika kioo cha jicho. Kisha unafika nyuma ya jicho, kwenye utando mwembamba uitwao retina. Retina ndiyo kitambaa cha sinema. Picha ikifika hapo, mshipa wa fahamu unaipeleka kwenye ubongo.

Katikati ya retina kuna sehemu ndogo sana. Hiyo ndiyo makula. Ingawa ni ndogo, kazi yake ni kubwa. Makula ndiyo inayoona vitu vidogo vilivyo mbele yetu. Tunaitumia kusoma, kutunga uzi kwenye sindano, kuchagua mawe kwenye mchele, kutambua noti, na kuzijua sura za watu. Sehemu nyingine ya retina inaona mambo ya kando, na vitu vinavyotembea.

Sasa fikiri kitambaa cha sinema kimechakaa katikati. Pembeni ni kizima. Utaona miti, nyumba na watu wanaopita pembeni. Lakini uso wa mtu anayesema katikati ya picha huuoni. Ndivyo anavyoona mgonjwa wa makula. Kila anapoelekeza jicho, pale pale pana ukungu au doa. Akitaka kukuona, inabidi aangalie kando yako. Ndiyo maana bibi aliangalia kando ya sikio lako. Alikuwa anajitahidi kukuona.

Ugonjwa huu hauumi. Jicho haliwi jekundu, halitoi tongotongo, halivimbi. Ukimtazama mgonjwa unaona macho mazuri kabisa. Kwa hiyo watu hawamwamini.

UGONJWA HUU UKO KWETU PIA

Zamani ilisemwa mara nyingi kwamba ugonjwa huu ni wa Wazungu. Ni kweli kwamba huko Ulaya na Marekani unawapata wengi, na huko watu wengi wanaishi mpaka uzee mkubwa. Lakini jirani zetu wa Kenya walifanya uchunguzi wakaona vingine.

Mwaka 2007 na 2008, Dakta Wanjiku Mathenge na wenzake walipima macho ya watu zaidi ya 4,000 katika eneo la Nakuru. Wote walikuwa na umri wa miaka 50 au zaidi. Matokeo kuhusu makula yalitolewa mwaka 2013. Katika kila watu 100, watu 11 hivi walikuwa na dalili za mwanzo za ugonjwa wa makula. Mtu mmoja hivi alikuwa amefikia hatua mbaya.

Basi tusiseme ni ugonjwa wa wengine. Kadiri watu wetu wanavyoishi miaka mingi zaidi, ndivyo tutakavyouona zaidi.

SI KILA MZEE ASIYEONA ANA UGONJWA HUU

Hapa tuwe waangalifu. Tukimwona mzee haoni vizuri, tusiseme, "Ni uzee, hakuna la kufanya." Magonjwa ya macho ni mengi, na mengine yanatibika vizuri sana.

Mtoto wa jicho. Huu ndio ugonjwa unaopofusha watu wengi zaidi katika nchi yetu. Kioo cha jicho kinapata ukungu. Mgonjwa anaona kila kitu kama kupitia moshi, si katikati tu. Ukungu ukizidi, mboni inaonekana nyeupe. Daktari anatoa kioo kile kwa upasuaji mdogo na kuweka kingine cha plastiki. Wengi wanaona tena.

Presha ya macho. Huu ni kinyume cha ugonjwa wa makula. Unaanza kula pembeni, na katikati inabaki mpaka mwisho. Mgonjwa anaona sura yako, lakini anajigonga kwenye mlango. Kilichopotea hakirudi, lakini dawa inazuia usiendelee.

Kisukari. Sukari ikizidi katika damu kwa muda mrefu, inaharibu mishipa midogo ya retina. Mwenye kisukari apimwe macho kila mwaka, hata kama anaona vizuri.

Kuhitaji miwani. Mtu akipita miaka 40, kusoma karibu kunakuwa kugumu. Hilo ni jambo la kawaida. Miwani ya kusomea inatosha.

Kwa macho yetu ya kawaida hatuwezi kuyatenganisha magonjwa haya yote. Kazi hiyo ni ya mtaalamu. Anatia dawa ya kufungua mboni, kisha anatazama nyuma ya jicho kwa taa maalumu. Anza katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Watakuandikia kwenda hospitali yenye kliniki ya macho. Kwa watu wa Mwanza na mikoa ya ziwa, hospitali yetu kubwa ya rufaa ni Bugando, ile iliyo juu ya kilima mjini. Imekuwa ikitibu wagonjwa wa kanda hii tangu mwaka 1971.

AINA MBILI ZA UGONJWA WA MAKULA

Aina ya kwanza inaitwa kavu. Wagonjwa wengi wana aina hii. Inakwenda polepole, kwa miaka mingi. Takataka ndogo za manjano zinajikusanya chini ya retina, na makula inachakaa kidogo kidogo. Mwanzoni mgonjwa haoni tofauti. Baadaye anahitaji mwanga mwingi zaidi ili asome. Baadaye tena herufi zinakatika katikati ya neno.

Aina ya pili inaitwa yenye maji. Hii inawapata wachache, lakini ni kali. Mishipa mibovu ya damu inaota chini ya makula, inavuja maji na damu. Mtu anaweza kupoteza uwezo wa kuona katikati kwa muda wa majuma au hata siku chache. Dalili yake kubwa ni mistari iliyonyooka kuonekana imepinda. Mlango unaonekana umejikunja. Nguzo ya umeme inaonekana ina kibyongo.

Aina hii ya pili ina matibabu. Daktari bingwa anachoma sindano ndani ya jicho, baada ya kulitia ganzi. Dawa inazuia mishipa ile isivuje. Sindano hizi zinarudiwa mara nyingi, kwa kawaida kila mwezi mwanzoni. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliiweka dawa moja ya namna hii, iitwayo bevasizumabu, katika orodha yake ya dawa muhimu. Sindano hizi hazitolewi kila mahali, na zina gharama. Daktari wa macho atakueleza uende wapi.

Jambo kubwa ni wakati. Dawa inaokoa makula ambayo haijafa bado. Ikishakuwa kovu, sindano haisaidii tena. Kwa hiyo mtu akiona mistari imepinda, asingoje mavuno. Aende hospitali juma lile lile.

JIPIME NYUMBANI

Kuna kipimo rahisi ambacho kila mtu anayejua kushika kalamu anaweza kukitengeneza. Daktari mmoja wa Uswisi, Marc Amsler, ndiye aliyekieneza.

Fanya hivi:

1. Chukua karatasi. Chora mraba wa sentimita 10 kila upande.

2. Ndani yake chora mistari ya kulala na ya kusimama, kila baada ya nusu sentimita. Tumia rula. Utapata visanduku vingi vidogo. Ukiwa na daftari la hesabu lenye visanduku, linatosha.

3. Weka nukta nyeusi katikati.

4. Kaa mahali penye mwanga mzuri. Kama una miwani ya kusomea, ivae. Shika karatasi mbali na uso kama sentimita 30 au 40.

5. Ziba jicho moja kwa kiganja, bila kulikandamiza. Tazama nukta ya katikati tu.

6. Jiulize: Je, mistari yote imenyooka? Je, kuna mahali imepinda, imefifia au imepotea?

7. Badili jicho, urudie.

Usijipime kwa macho yote mawili pamoja. Jicho zima linaficha ubaya wa jicho bovu. Watu wengi wanagundua ugonjwa siku ambayo jicho la pili limeanza kuharibika, na wakati huo wamechelewa.

Mwenye miaka 50 na zaidi ajipime hivi kila juma. Ukiona mistari imepinda au imepotea, nenda hospitali. Kipimo hiki hakichukui nafasi ya daktari. Kinakuambia tu kwamba daktari anahitajika upesi.

TUTAJIKINGAJE?

Tuseme ukweli. Mambo mengine hatuwezi kuyabadili. Hatuwezi kupunguza umri. Hatuwezi kubadili ukoo. Kama mama au baba alikuwa na ugonjwa huu, hatari kwa watoto ni kubwa zaidi. Lakini yapo mambo yaliyo katika uwezo wetu.

Acha tumbaku. Hili ndilo la kwanza. Mvuta sigara ana hatari ya kupata ugonjwa huu mara mbili au zaidi kuliko asiyevuta. Wengi wanajua kwamba sigara inaharibu mapafu. Wachache wanajua kwamba inaharibu macho. Anayeacha leo anapata faida, hata akiwa na miaka 60.

Kula majani ya kijani. Mchicha, matembele, kisamvu, majani ya maboga na majani ya kunde yana vitu ambavyo makula inavihitaji. Usiyapike mpaka yapoteze rangi. Tia mafuta kidogo au karanga zilizotwangwa, ili mwili uvipokee vitu hivyo vizuri. Wakati wa kiangazi zipo nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa. Mayai nayo ni mazuri.

Kula samaki. Imeonekana kwamba watu wanaokula samaki mara kwa mara wanapata ugonjwa huu kwa uchache zaidi. Sisi tunakaa kando ya ziwa. Tuna dagaa, sato na sangara. Tusiuze wote mnadani na kurudi nyumbani na chumvi tu.

Pima shinikizo la damu na sukari. Mishipa ya jicho ni sehemu ya mishipa ya mwili. Kinachoharibu moyo kinaharibu na jicho.

Vaa kofia. Jua la ziwani ni kali, na maji yanalirudisha usoni. Wataalamu hawajakubaliana kama jua linaleta ugonjwa wa makula. Lakini mwanga mkali wa jua unasaidia kuleta mtoto wa jicho, na kile kinyama kinachoota juu ya weupe wa jicho. Mvuvi, mkulima na muanika dagaa, wote wavae kofia pana.

Watu wengine watauliza habari za vidonge. Mwaka 2001 wataalamu wa Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi mkubwa. Waliona kwamba vidonge vyenye vitamini C, vitamini E na madini ya zinki kwa kiasi maalumu vilisaidia watu ambao ugonjwa umefika hatua ya kati. Hatari ya kufika hatua mbaya ilipungua kwa robo hivi. Lakini watu wasio na ugonjwa hawakupata faida hiyo, na kilichokwisha potea hakikurudi. Katika vidonge vya kwanza mlikuwa na kitu kiitwacho beta-karotini. Baadaye, mwaka 2013, uchunguzi wa pili ulionyesha kwamba ni bora kukiondoa, kwa sababu kinaongeza hatari ya saratani ya mapafu kwa wavuta sigara. Kwa hiyo usinunue vidonge kwa mchuuzi wa stendi anayesema vinarudisha macho. Muulize daktari kwanza.

Wala usitie jichoni maji ya majani, mkojo, maziwa au unga wa dawa yoyote. Vitu hivyo haviwezi kufika kwenye makula. Vinaweza kuchoma kioo cha mbele cha jicho, na mtu aliyekuwa anaona pembeni akawa kipofu kabisa.

KUISHI NA UGONJWA HUU

Mgonjwa wa makula kwa kawaida hafikii giza kamili. Macho ya pembeni yanabaki. Kwa hiyo bado anaweza kutembea, kulima bustani, kufuga kuku na kushauri watoto. Anahitaji kujifunza upya, na sisi tunahitaji kumsaidia.

Atumie pembeni ya jicho. Aangalie juu kidogo, au kando kidogo, ya kitu anachotaka kukiona. Ajaribu mpaka apate upande unaoona vizuri zaidi. Akijizoeza kila siku, atauzoea.

Apate mwanga. Akae karibu na mlango au dirisha, mwanga utoke nyuma ya bega. Usiku taa iwe karibu na kazi, isimpige machoni.

Atumie kioo cha kukuzia. Kwa kioo hiki wengi wanasoma tena maneno machache, kama jina kwenye barua au maandishi ya dawa.

Tutenganishe rangi. Ugali mweupe katika sahani nyeupe hauonekani. Uweke katika sahani nyeusi au ya buluu. Chai uitie katika kikombe cheupe. Kwenye ngazi na kizingiti paka chokaa, mstari mnene.

Kila kitu kiwe mahali pake. Ndoo, jembe, kigoda na mtungi visihamishwe ovyo. Ukihamisha, mwambie. Wazee wengi wanavunjika nyonga kwa sababu ya kigoda kilichoachwa njiani.

Fedha na dawa. Akunje kila noti kwa namna yake: hii mara moja, hii mara mbili, hii isikunjwe. Chupa ya dawa ya asubuhi ifungwe uzi mmoja, ya jioni nyuzi mbili. Kwenye simu ya vibonyezo, namba 5 ina kinundu. Kidole kikikipata kinundu hicho, kinajua namba nyingine ziko wapi.

Na salamu je? Ukimwendea mzee wa namna hii, usitegemee tabasamu wala ishara ya mkono. Sema kwa sauti wewe ni nani. "Shikamoo, bibi. Ni mimi, mjukuu wako wa pili, natoka kisimani." Ukiondoka, mwambie unaondoka, asibaki akisema na upepo. Na usimwulize, "Unanijua mimi nani?" Swali hilo linamwaibisha.

AKIONA VITU AMBAVYO HAVIPO

Lipo jambo moja ambalo wagonjwa wengi wanaficha. Mtu aliyepoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kuona anaweza kuanza kuona vitu ambavyo havipo. Anaona maua ukutani, nyavu, sura za watu wasiojulikana, watoto wadogo au wanyama. Haviongei. Vinakuja na kupotea.

Hiyo si wazimu, si pepo, wala hajarogwa. Ubongo umezoea kupokea picha. Picha zikipungua, unajitengenezea zake. Mwaka 1760 mtaalamu wa Uswisi, Charles Bonnet, aliandika habari za babu yake aliyekuwa haoni vizuri. Mzee huyo aliona watu, ndege na majengo ambayo hayakuwepo, na akili yake ilikuwa timamu kabisa.

Mzee akikuambia ameona mambo hayo, usimcheke wala usimtangaze. Mwambie ni macho. Akipepesa macho mara kadhaa, au akiwasha taa, mara nyingi picha zinaondoka. Mwambie daktari pia.

MANENO YANAYOUA

Sasa turudi kwa wale watatu waliokuwa wakimsema bibi.

Hapa kwetu Usukuma tunajua historia yetu, na si historia ya kujivunia. Kwa miaka mingi, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Wengi wao walikuwa wanawake. Mara nyingi macho mekundu yalichukuliwa kuwa ushahidi. Lakini macho yale yalikuwa mekundu kwa nini? Kwa sababu ya moshi. Mama aliyepika miaka 50 katika jiko lisilo na dirisha, kwa kuni mbichi, mabua ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe, macho yake yatakuwaje? Alichoka akituivishia chakula. Kisha tukamhukumu kwa macho yale yale.

Basi mfikirie mzee mwenye ugonjwa wa makula. Hakuangalii usoni. Anakupita bila neno. Wakati mwingine anasema ameona watu ambao wewe huwaoni. Mtu asiyejua ugonjwa huu anaweza kufikiri nini? Anaweza kufikiri jambo baya sana. Neno moja la kilabuni linaweza kuleta panga usiku.

Ndugu wasomaji, jambo hili linazuilika kwa elimu. Ukisikia mtu anamsema mzee namna hiyo, usinyamaze. Mweleze habari za makula. Mwambie ampeleke mzee akapimwe. Mkumbushe pia kwamba kumsingizia mtu uchawi ni kosa. Sheria ya Uchawi iko tangu mwaka 1928. Kama kuna tishio, mpe habari mwenyekiti wa mtaa au kijiji, na polisi, siku ile ile.

TUWASOMEE

Kuna jambo la mwisho. Kati ya mwaka 1968 na 1972, mikoa yetu ya ziwa ilikuwa mahali pa majaribio ya kisomo cha watu wazima. Watu walijifunza kusoma kwa vitabu vya pamba, uvuvi, ng'ombe na migomba. Mwaka 1975 taifa zima lilifanya mtihani wa kisomo. Mama aliacha jembe jioni, akashika kalamu kwa vidole vigumu, akaandika jina lake kwa mara ya kwanza.

Aliyekuwa na miaka 30 wakati ule, leo ana miaka 80 hivi. Wengine wao ugonjwa wa makula umewanyang'anya herufi walizozipata kwa jasho. Kitabu cha dini kiko mezani, barua ya mtoto iko sandukuni, na hawawezi kuvisoma.

Wewe unayesoma ukurasa huu una macho. Baada ya kumaliza, usilikunje gazeti. Nenda kwa mzee wa jirani. Taja jina lako. Keti upande ambao anakuona vizuri. Kisha msomee, taratibu, kuanzia mwanzo. Na juma hili hili mpelekeni kwenye kliniki ya macho. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitaka wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bure katika hospitali za serikali. Ulizeni katika ofisi ya mtaa au kijiji utaratibu wa kumwandikisha.

Huenda ana mtoto wa jicho tu, akaona tena. Huenda ana ugonjwa wa makula. Hata hivyo, atakuwa amejua anaumwa nini, na majirani watakuwa wamejua kwa nini hakuwasalimu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Makula iko wapi katika jicho, na kazi yake ni nini?

2. Mgonjwa wa makula anaonaje? Mgonjwa wa presha ya macho anaonaje?

3. Kwa nini tujipime jicho moja moja?

4. Taja mambo matatu yanayosaidia kuzuia ugonjwa huu.

5. Mtaani au kijijini kwenu kuna wazee wangapi wasioona vizuri? Ni wangapi wamewahi kupimwa macho? Nani atawapeleka?